Karatasi Tuliyoifunika Plastiki

Mwaka umetimia, mama wa watoto wanne, tangu Jumanne ile ulipovua viatu vya kazi mlangoni ukasema kichwa kinakugonga kidogo, ukajilaza, na kabla ya jioni hukuwa wetu tena.

Kalamu familia imempa wifi yako. Usicheke. Tunajua ungependa aandike mtu mwenye ulimi laini, lakini wenye ulimi laini wote walikaa mbele ya karatasi tupu wakalia. Wifi yako naye alilia, ila yeye hulia huku anasema. Ataeleza yote, hata yanayomchoma mwenyewe, na akianza kujipendelea tumekubaliana kumkanyaga mguu.

Ulikuwa nesi wa wodi ya watoto kwa miaka kumi na miwili. Wagonjwa wako uliwaita mabosi. "Bosi, leo dawa unakunywa mwenyewe au nikushikie kikombe?" Mtoto wa miaka minne, amenuna, hajala tangu asubuhi, akisikia ameitwa bosi anainywa ile dawa chungu mpaka tone la mwisho ili asishushwe cheo. Begi lako halikukosa soksi ndogo, kwa sababu ulisema sakafu ya hospitali ni baridi na mama aliyekimbia na mtoto mgonjwa hakumbuki soksi. Chai yako uliinywa imepoa siku zote. Ilikuwa inakusubiri wewe, na wewe ulikuwa unamsubiri mtu mwingine amalize kwanza.

Nyumbani ulikuwa na mabosi wengine wanne, na kati yao hakuna wawili waliolingana. Meneja, binti yako wa kwanza, alizaliwa mtu mzima. Akiwa na miaka minne alimwambia fundi bomba kwamba bomba bado linavuja. Profesa, wa pili, anasoma kila kilichoandikwa, hata pakiti ya sabuni, lakini mpe viatu vya kamba atakaa navyo mpaka kengele ya shule ilie. Wa tatu, tunayemwita Taratibu, mguu wake wa kushoto ulichelewa kupata nguvu, akatembea akiwa na miaka mitatu, nawe ukamlinda kama yai. Na Tingatinga, kitinda mimba, hakuna alichokutana nacho akakizunguka. Yeye hupita katikati.

Watu walikuuliza mbona huyu unamwacha na yule unamshika. Ukawajibu, "Vidole vya mkono havilingani, nitawezaje kuvivalisha pete moja?" Ndiyo ukaandika ile karatasi. Uliiandika kwa sababu ya zamu zako, ili ukiwa kazini mume wako asiwe anapiga simu wodini kuuliza kama Profesa anaruhusiwa kwenda dukani. Nguzo tatu, kalamu nyekundu: Mwenyewe. Na Mtu. Bado. Kila mtoto na mstari wake. Ukaibandika kando ya friji kwa plasta ya hospitali.

Na kila shule zikifungwa uliibandua, ukaketi nao mezani, ukaiandika upya. Hilo tulikuja kulikumbuka baadaye, na kwa gharama.

Mume wako, Fundi, kama ulivyomzoeza kila mtu kumwita, ni mtu wa majokofu. Friji likifa mtaa mzima unamjua. Lakini watoto ulikuwa unawajua wewe, na yeye alikuwa anaijua karatasi. Akitoka karakanani kwake hapo uani, mikono ina grisi, anasimama mbele yake kama mtu anayesoma tangazo la kazi. "Meneja, kupika, Mwenyewe. Haya pika. Profesa, kuoga, Na Mtu. Twende." Kazi inakwenda. Ulimcheka, lakini ulimpenda kwa hilo.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika aliona pembe ya karatasi imeanza kujikunja kwa mvuke, na wino wa neno Bado umeanza kutoka. Akaibandua kwa wembe, polepole, akaiweka kati ya vipande viwili vya boksi, akaenda nayo kwa mpiga chapa, ikafunikwa plastiki ngumu mbele na nyuma. Akairudisha ukutani kwa skrubu nne.

Tulipoiona tulilia. Tulisema, angalia mume anavyomheshimu mkewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba kalamu haiandiki juu ya plastiki.

Shule zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Watoto hawakungoja. Profesa akarefuka, akatimiza miaka minane, na bado kila asubuhi baba yake alimvalisha shati kwa sababu imeandikwa Na Mtu. Mtoto anasimama mikono juu, kitabu kidevuni, anavalishwa kama mgonjwa. Taratibu akafika miaka sita, akibebwa mgongoni kushuka ngazi tatu za mlangoni, kwa sababu ngazi zimeandikwa Bado. Akawa anashuka ananong'ona, "Baba, wenzangu wananiona."

"Mama yako ameandika."

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Nani atabishana nalo? Ukibishana na baba unabishana na marehemu.

Na Meneja, masikini. Mstari wake ndio uliokuwa mrefu: kupika, kufua, kuwasha jiko, kufunga nyumba, kumwogesha Tingatinga, vyote Mwenyewe. Ulipoandika hayo ulikuwepo, mama. Jumapili ulimpokonya mwiko ukamwambia, "Bosi, leo umepumzika, toka jikoni kwangu." Hilo la Jumapili hukuliandika, lilikuwa mdomoni mwako tu, nawe ukaondoka nalo. Basi mtoto wa miaka kumi na mmoja akapika siku saba kwa wiki, mwezi baada ya mwezi. Hakulalamika. Alikuwa anajivunia ile nguzo.

Miezi miwili iliyopita mwalimu wake alimwita Fundi. Akamwambia, "Mzazi, binti yako analala darasani. Halali kwa uvivu. Analala kama mtu aliyetoka zamu."

Habari ikamfikia mama yako mzazi, na akitajiwa wajukuu yeye hangoji kesho. Alikuja na mkoba wake, akaketi, akamwita Fundi, akamwita na wifi yako kama shahidi.

"Mwanangu," akamwambia Fundi, "sikuja kukusema. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na wewe una wanne na mikono miwili. Tugawane. Taratibu nitamchukua mimi, mguu ule unataka mtu wa kukaa naye. Meneja na Profesa wabaki na wewe."

"Na Tingatinga?"

Hapo wifi yako akasema kwamba Tingatinga atamchukua yeye. Alilisema kama mtu anayejitolea, kichwa upande, sauti ya huruma. Ukweli uandikwe hapa: kitanda kilikuwa kimeshanunuliwa. Kidogo, cha mbao, kina kingo, na shuka zake zimepigwa pasi. Wifi yako ana miaka arobaini na sita na hakujaliwa mtoto, unajua ulivyomfuta machozi kwa hilo, na alikuwa amekwisha kumlaza Tingatinga kwenye kitanda kile mara mia, kichwani mwake.

Fundi aliangalia mikono yake. Kisha akasema, "Mama, Dada, mkinitolea hawa wawili, wale wawili watakaobaki watajua kwamba mtu akishindwa kulelewa anaondolewa. Nipeni mpaka mwaka wake utimie. Mkiona bado siwezi, sitasimama mlangoni."

"Mpaka mwaka utimie," akasema mama yako. "Na Mungu atulinde mpaka hapo."

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ilikuwa na roho juu. Fundi aliongeza bidii, na kwa bahati mbaya bidii yake yote aliipeleka kwenye karatasi. Alikuwa anaisoma asubuhi na jioni. Wifi yako akawa anakuja kila Jumamosi, eti kusaidia. Alikuwa anakuja kuhesabu makosa.

Kosa la kwanza aliliona papo hapo. Mlango wa jikoni unaotoka uani, ambao ndio pekee wa kuingilia jikoni, ule wa chuma aliouchomelea Fundi mwenyewe, komeo lake la ndani liko usawa wa kiuno. Wifi yako akamwambia, "Mdogo wangu, hilo komeo lipandishe juu. Huyu mtoto anakua."

"Dada, soma." Akaonyesha ukutani. Kwenye mstari wa Tingatinga ulikuwa umeandika Bado: vyote. Na chini yake, kwa maandishi madogo, hafikii komeo.

"Aliandika mwaka jana!"

"Aliandika yeye."

Wifi yako angeweza kuchukua bisibisi akalipandisha mwenyewe, kazi ya dakika kumi. Hakufanya. Alitaka lionekane. Hilo nalo liandikwe, kwa sababu ndilo linalomnyima usingizi.

Jumamosi ya wiki tatu zilizopita, saa tisa alasiri, Fundi alikuwa karakanani ameinamia friji la duka la nyama. Profesa alikuwa kwenye ngazi na kitabu. Taratibu alikuwa ameketishwa kwenye mkeka, mahali pake. Wifi yako alikuwa ndio kwanza anafungua geti. Meneja alikuwa ameweka sufuria kubwa ya maji kwenye jiko la gesi, ya kuwaogeshea wadogo zake, akatoka uani na beseni kuanika nguo. Tingatinga alibaki ndani.

Mlango ukajifunga nyuma ya Meneja. Kisha tukasikia komeo: ka!

Meneja akageuka polepole, kama hataki kuamini. Akaenda akasukuma. "Tinga. Fungua."

Ndani, kicheko.

"Tinga, fungua mlango, nina pipi."

"Huna," akasema Tingatinga. Miaka mitatu, lakini hadanganyiki.

Walikimbilia dirishani. Dirisha la jikoni lina nondo, mkono unapita, mwili haupiti. Na kupitia nondo zile wakamwona akivuta kigoda. Anakivuta kuelekea jiko, anasukuma kwa tumbo, kigoda kinalia kwenye sakafu. Maji yalikuwa yameanza kuchemka, mfuniko unarukaruka, na mpini wa sufuria umetokeza nje ya jiko, umewaelekea.

Wote wakapiga kelele pamoja, "Usiguse!" Tingatinga akadhani ni mchezo. Akapanda kigoda, akawapungia mkono.

Fundi alifika na msumeno wa umeme wa kukatia chuma. Ameshauchomeka, ameshauinua, ndipo akakumbuka mtungi wa gesi ulikuwa umekaa nyuma ya mlango ule ule, na cheche zitakwenda wapi? Akautupa chini. Akapiga mlango kwa bega. Mlango aliutengeneza vizuri mno. Mwizi asingeingia, na yeye hakuingia.

"Stoo!" akasema Meneja. "Baba, tundu la stoo!"

Ukutani kwa nje, juu ya usawa wa kichwa cha mtu mzima, kuna tundu la hewa la stoo, upana wa sinia, halina nondo. Stoo ina rafu mpaka juu, nayo inafunguka jikoni. Fundi akamnyanyua Meneja, mabega yakagoma. Akamshusha, akamnyanyua Profesa. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likakwama, maana yule mtoto na mkate ni ndugu. Wakamvuta miguu mpaka akatoka, ngozi imechubuka, analia kwa aibu.

"Baba," sauti ikatoka mkekani. "Mimi naenea."

Fundi hakugeuka. Alituambia kwamba alisikia, akajifanya hakusikia.

"Baba, mimi napanda. Napanda kabati la Profesa kila siku ukiwa karakanani. Nafika mpaka juu. Muulize Meneja."

Meneja akatazama chini. "Ni kweli, Baba. Na ngazi anashuka mwenyewe ukiondoka. Tulikuficha."

"Usithubutu!" Huyo alikuwa wifi yako, amemkamata mdogo wake mkono. "Mguu ule? Atavunjika shingo humo ndani, utazika wawili! Mama yake alikataza!"

Ndani, Tingatinga alikuwa amesimama kwenye kigoda, ameshika mpini wa sufuria kwa vidole viwili, anajaribu kama una joto.

Fundi aliutoa ule mkono wa dada yake. Hakumsukuma, aliutoa tu. Akapiga magoti mbele ya Taratibu. Tunajua alichosema kwa sababu tulikuwa pale: "Bosi, unaweza mwenyewe, au tutafute njia nyingine?"

"Naweza."

Akamnyanyua. Mtoto akaingiza mkono, kichwa, bega, akajizungusha kidogo kama anayevaa gauni linalobana, na miguu yake miwili, ule mzima na ule mwembamba, ikabaki imening'inia nje. Fundi alikuwa amemshika kisigino. Alituambia alishindwa kufungua vidole. Akili ilisema mwachie, vidole vikasema hatusikii.

"Baba, niachie," ikasema sauti ndani ya ukuta. "Unanizuia."

Akaachia.

Hatukusikia kitu kwa muda ambao hatutaki kuupima. Kisha kopo likaanguka. Kisha tena kimya. Dirishani Meneja alikuwa ameingiza mikono yote miwili katika nondo, anamsemesha Tingatinga mfululizo, "Nionyeshe pua, Tinga. Pua iko wapi? Na sikio? Sikio la shangazi liko wapi?" na kila Tingatinga alipoachia mpini kuonyesha sikio, sisi tulipumua. Na katikati ya masikio na pua, bila kubadili sauti, yule mtoto akaanza kulia akisema, "Mimi nilitoka kidogo tu. Siwezi vyote. Jamani, mimi siwezi vyote. Pua iko wapi, Tinga?"

Mlango wa stoo ukafunguka. Taratibu akatoka amejaa vumbi la unga, akivuta mguu wake. Hakukimbia, hajui kukimbia, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu, kwa sababu mtoto anayekimbizwa kwenye kigoda huanguka. Mwenda pole hajikwai. Alifika jikoni akaweka mkono kwenye swichi ya jiko.

"Kulia!" akapaza Fundi dirishani. "Zungusha kulia!"

"Najua," akasema. Moto ukazimika. Akausukuma mpini ndani kwa kitambaa, akamshika mdogo wake kiunoni akamshusha, na Tingatinga akamng'ata.

Komeo likagoma. Taratibu anavuta, halitoki. Fundi anasukuma mlango kwa nguvu zake zote, na Profesa, machozi hayajakauka, akasema kwa upole, "Baba, ukisukuma unalibana. Uvute kwako kwanza." Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano akafundishwa mlango wake mwenyewe na mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu. Akauvuta. Komeo likatoka.

Hakumpiga mtu, hakumfokea mtu. Aliketi sakafuni pale pale, kwenye unga na maji, akawakusanya wote wanne mapajani, wasienee, akalia kwa sauti. Mwaka mzima hatukuwahi kumsikia akilia. Meneja alitaka kuinuka akafagie. "Kaa," akamwambia. "Kaa, mwanangu. Leo umepumzika."

Wifi yako alisimama mlangoni na mkoba wake.

Kesho yake Fundi alileta bisibisi. Alilipandisha komeo kwanza. Kisha akafungua skrubu nne, akaishusha karatasi yako. Alijaribu kuandika juu yake, unaamini? Alijaribu kalamu tatu. Wino uliteleza. Akaiweka kabatini pamoja na vyeti vyako vya unesi, akachukua karatasi nyingine, akachora nguzo tatu zilizopinda, akawaita mezani.

Ilichukua asubuhi nzima na kelele za soko. Taratibu alidai ngazi, kabati na jiko. Alipewa ngazi na kabati. Jiko likaenda Na Mtu, akanuna. Profesa alipewa kuvaa Mwenyewe, hata kama ataenda shule vifungo vimepishana. Kwa Meneja, Fundi alianza kupunguza, kimoja kimoja: kupika, Na Mtu. Kumwogesha Tinga, kazi ya Baba. Meneja alikasirika, akasema anashushwa cheo, akaenda kujifungia chumbani. Baba yake aliketi nje ya mlango wake akamwambia, "Sikushushi. Nilikuachia kazi yangu nikajiita baba. Nisamehe." Alifungua baada ya muda mrefu. Siku hiyo alilala mchana, saa nne mfululizo, na nyumba nzima ikatembea kwa vidole.

Tingatinga aliandikiwa Mwenyewe moja tu: kuvua viatu.

Jumapili iliyopita tuliketi, kama ilivyoahidiwa. Mama yako alikuwa ameshasikia habari za tundu na sufuria, na alikuja na mfuko mtupu wa nguo za Taratibu. Hakutaka hadithi.

"Nilimzika mwanangu," alisema. "Sasa mnataka na wajukuu waungue? Wewe Shangazi ulikuwepo. Sema ulichokiona, tumalize."

Fundi hakujitetea. Alimwangalia dada yake, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshaacha kusimama mlangoni.

Unajua alichoweza kusema wifi yako. Angesema tu mtoto alibaki peke yake na moto, na huo usingekuwa uongo. Jioni hiyo hiyo Tingatinga angelala kwenye kitanda chenye kingo.

"Nilichokiona, Mama, ni kwamba wale watoto waliokoana," akasema. "Kila mmoja kwa alichonacho. Ukimtoa mmoja pale, siku ile Tingatinga anaungua. Watoto hawa hawagawanyiki."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akajibu mama yako. "Wewe unajua nini?"

"Kweli, sijui," akasema wifi yako. "Ndiyo maana lile komeo niliona na nikaliacha, ili baba yao aonekane hawezi. Ndiyo maana nilimkatalia Taratibu asipande. Angenisikiliza mimi, leo tungekuwa tunaongea mengine. Kitanda nimenunua, Mama, shuka nimepiga pasi. Na bado nakwambia watoto wabaki kwa baba yao."

Mama yako akaukunja ule mfuko, mara mbili, mara nne, akauweka mkobani. "Basi nitakuja kwao mimi," akasema. "Wao wasije kwangu na mabegi." Akanyoosha mkono akamshika wifi yako mkono, na hawakuachana mpaka tulipoondoka.

Kitanda kimehamia kwa Fundi. Tingatinga anakilalia, na ukingo mmoja ameshauvunja.

Wanaokukumbuka ni mama yako mzazi, mume wako Fundi, wifi yako, wauguzi wenzako wa wodi ya watoto, na watoto wako Meneja, Profesa, Taratibu na Tingatinga, wote wanne, nyumba moja.

Mwaka huu tumeanza kuamua mambo bila kukuuliza, mama, na hilo limetuuma kuliko kukuzika. Usituone tumekusahau. Wewe ndiye uliyesema mtu akishaweza aachiwe, na sisi, hata tukiweza yote, kukusahau ndiko hatutaweza kamwe.